Nani Alistahili Kuimba? Historia ya Neno Moja Katika Kwaya za Eastlands



Kamati ya Jubilei ilipotuomba tuandike historia, tulidhani kazi yetu itakuwa kupanga miaka, walimu wa kwaya, safari na vikombe. Hayo yote mtayaona katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, pamoja na picha. Lakini tulipoketi na wazee wetu waliobaki, wale walioimba kabla ya kinanda cha umeme kufika, tulisikia neno moja likirudi kila mara: "sikustahili." Mmoja alisema hakustahili kwa sababu hakusoma. Mwingine alikuwa amelewa Jumamosi iliyotangulia. Mama mmoja alisema ndoa yake ilikuwa ya kienyeji tu, haijabarikiwa kanisani. Wote waliimba kwa miaka mingi, na bado walianza kwa neno hilo. Basi tumeona tuandike historia ya neno lenyewe, kwa maana ni refu kuliko kwaya yetu, na lilifika huku Eastlands kabla yetu.

Tuanze na mitaa. Serikali ya kikoloni haikumjengea Mwafrika nyumba Nairobi ili awe mwenyeji. Pumwani ilipangwa katika miaka ya 1920 kuwa mahali pa kuwaweka Waafrika pamoja, mbali na mitaa ya wenye mji. Baadaye zikaja Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, na nyumba za wafanyakazi wa reli kule Makongeni. Vyumba vingi vilihesabiwa kwa mwanamume mmoja mmoja, mtu wa kazi ambaye mke na watoto wake walitarajiwa kubaki mashambani. Mwanamume huyo alivaa kipande shingoni ndani ya kikebe cha bati, na askari yeyote aliweza kumsimamisha njiani amwulize yeye ni nani, anafanya kazi kwa nani, na ana ruhusa gani ya kuwa pale. Mtu aliyeulizwa hivyo siku sita za juma, Jumapili alisimamaje mbele ya kanisa na kitabu cha nyimbo? Mwili wake ulikuwa umekwisha kujifunza kujikunyata.

Wengi wetu hupita mtaa wa Mbotela kila siku kwa matatu ya Jogoo Road, na hatuulizi jina hilo lilitoka wapi. Mtaa ulipewa jina la Tom Mbotela, mmoja wa viongozi wa chama cha KAU, aliyeuawa Nairobi mnamo Novemba 1952, kama vile mitaa ya Ofafa ilivyopewa jina la Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka uliofuata. Ukoo wa Mbotela ulitoka Frere Town, Mombasa, kijiji cha watumwa waliokombolewa kilichoanzishwa na misheni ya CMS mwaka 1875. Ni James Juma Mbotela aliyeisimulia habari ya watu hao katika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Kwa hiyo katikati ya Eastlands tuna jina la watu ambao wazazi wao waliuzwa kwa bei sokoni. Ikiwa kuna watu waliofundishwa na dunia kwamba hawafai, ni hao.

Na ndipo tunapokutana na William Jones na Ishmael Semler. Hao waliibwa wakiwa watoto, wakaokolewa baharini na merikebu za Waingereza, wakapelekwa Bara Hindi. Karibu na Nasik walifundishwa kusoma, dini na kazi za mikono. Mwaka 1864 walirudishwa pwani yetu kusaidia misheni ya Rabai. Walifundisha, walitafsiri, waliwaongoza watu katika sala, lakini kwa zaidi ya miaka 20 walikuwa wasaidizi tu. Tarehe 31 Mei 1885, Jumapili ya Utatu, Askofu James Hannington akawawekea mikono kuwa mashemasi. Tafadhali msipite hapo haraka. Mtoto aliyeuzwa alisimama mbele ya ushirika akiwa mtumishi wa madhabahu.

Miezi miwili haikuisha, Jones akaondoka na askofu katika safari ya Uganda. Walipofika kwa Sundu, mahali tunapopaita leo Mumias, askofu aliendelea mbele na watu wapatao 50, akamwacha Jones na msafara uliobaki. Tarehe 29 Oktoba 1885 Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na karibu watu wake wote. Jones alingoja. Habari zilipothibitika aliwakusanya wapagazi, akawarudisha pwani kwa miguu, nchi ile yote. Waliingia Rabai Februari 1886 na bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Wanaosoma Samweli wa Kwanza wanalijua jina hilo, la mtoto aliyezaliwa siku sanduku la agano lilipotekwa, maana yake utukufu umeondoka.

Sisi hutafakari sana juu ya bendera hiyo. Shemasi wa miezi tisa, askofu wake ameuawa, anaongoza watu wenye njaa, na neno analolibeba mbele yao si neno la ushindi. Hakuficha. Wala hakuacha kazi. Alirudi kuhudumu Rabai, na Rabai ya miaka ile ilikuwa imejaa watoro waliokimbia mabwana zao na kujificha kwenye misheni. Mwanzoni mwa mwaka 1889 kampuni ya IBEA ililipa fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wa misheni za pwani wakapewa vyeti vya uhuru.

Habari ya pili ilitoka upande mwingine, kwa njia ya Uganda na Rwanda. Daktari Joe Church alifika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, mwaka 1928, akakutana na njaa kubwa. Watu walikufa kando ya barabara. Kufikia Septemba 1929 alikuwa amechoka mwili na roho, akaenda Kampala kupumzika, akiona kwamba Ukristo wake mwenyewe haumtoshi. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, mtu wa ofisi ya serikali ya mambo ya afya, naye alikuwa na kiu ileile. Wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Hapo hapakuwa na mkutano wa hadhara wala kwaya. Palikuwa na Mzungu aliyeishiwa nguvu na Mwafrika aliyekiri kuwa naye amepungukiwa, na hakuna aliyemwonea mwenzake haya. Katika makoloni ya wakati ule, jambo hilo peke yake lilikuwa la ajabu.

Kutoka hapo, na kutoka kwa ndugu wa Gahini kama Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyefariki Januari 1936 baada ya huduma fupi yenye moto, uamsho ukaenea. Mwaka 1937 kikosi cha ndugu kilifika Kabete, viungani mwa Nairobi. Mmoja wa Wakenya wa kwanza kuupokea alikuwa Obadiah Kariuki. Tarehe 15 Mei 1955, kule Namirembe, yeye na Festo Olang' wakawekwa wakfu kuwa maaskofu, wa kwanza kutoka miongoni mwa Waafrika wa Kenya katika kanisa la Anglikana. Wimbo wa ndugu hao ulikuwa Tukutendereza, na mpaka leo kwenye matanga ya Kaloleni au Jericho mtu akiuanzisha, hata wasiojua Kiganda wanaumaliza.

Watu wa uamsho walifundisha jambo ambalo kwaya zetu bado zinalifanyia kazi. Walisema kujiona hufai si sababu ya kukaa benchi la nyuma. Hapo ndipo safari inapoanzia. Anayejiona anafaa ndiye aliyekuwa na shida zaidi kwao! Mtu alisimama, akasema dhambi yake kwa jina lake, ndugu wakamwimbia, akaketi akiwa mwepesi. Lakini tuseme ukweli pia: mafundisho hayo yaliumiza wengine. Kulikuwa na walioshinikizwa kukiri hadharani mambo ya nyumbani ambayo yangewafaa zaidi wakiyasema faraghani kwa kasisi. Kulikuwa na waliohesabiwa kuwa baridi kwa sababu hawakuwa na ushuhuda wa kusisimua. Na kuna tofauti ambayo ndugu hawakuieleza sana. Yapo mambo yanayomfanya mtu asistahili ambayo ni dhambi, na dawa yake ni toba. Yapo mengine yaliyowekwa juu ya mtu na watu: kipande, umaskini, kabila, kutosoma. Hayo hayatubiwi, kwa sababu si yake. Katika moyo wa mtu wa Eastlands vitu hivyo viwili huchanganyika kama mchele na mawe, na kazi ya kuvichambua si ndogo.

Vita vya Mau Mau vilipokuja, ndugu wengi walikataa kiapo na vilevile walikataa kushika bunduki ya serikali, na baadhi yao waliuawa. Kisha tarehe 24 Aprili 1954 jeshi likauzingira mji katika operesheni ya Anvil. Mitaa hii ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapakiwa kwenye malori hadi kambini. Waliobaki waliendelea kukutana, na mabenchi yalikuwa na nafasi. Mzee wetu mmoja alituambia kwamba swali la nani anastahili kuimba lilinyamaza siku hizo. Aliyekuwepo ndiye aliyeimba.

Tusisahau ngoma. Kwa miaka mingi makanisa mengi ya misheni yaliiona ngoma kuwa chombo cha mizimu, na sauti ya kwetu kuwa sauti isiyofaa ibada mpaka ifundishwe solfa na kuvaa mavazi ya Kizungu. Solfa hatuikatai, imetulea. Lakini Jumapili hiyohiyo, nje ya dirisha, waumini wa African Israel Nineveh, kanisa alilolianzisha Zakayo Kivuli mwaka 1942, walipita mitaani wakiandamana na bendera na ngoma, na miguu ya wanakwaya waliokuwa ndani ilicheza chini ya mabenchi. Kule Kamina, Kongo, Padri Guido Haazen na vijana wake walikwisha kuirekodi Missa Luba mwaka 1958, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukawafungulia Wakatoliki mlango wa muziki wa kwao. Na Kenya ilipotafuta wimbo wa taifa mwaka 1963, wanamuziki watano, akiwemo Mchungaji Thomas Kalume, waliujenga juu ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Wimbo wa mama jikoni! Zaidi ya miaka 20 baada ya hapo, Boniface Mganga na Muungano National Choir waliirekodi upya Missa Luba, na dunia ikanunua sauti za Wakenya zikiimba misa kwa ngoma.

Sasa kwaya yetu. Ilianza wakati mitaa mipya kama Buruburu, Umoja na Dandora ilipokuwa ikijengwa, na watu walikuwa wakihama na kuhamia. Daftari za mahudhurio za miaka hiyo bado tunazo. Mtu anayezisoma kwa makini ataona majina yanayokatika ghafla, na wazee wanajua sababu ya karibu kila moja. Huyu alipunguzwa kazi katika miaka ya 1990 akaona aibu kuonekana bila viatu vizuri. Yule alipata mimba. Mwingine hakuweza kulipia sare mpya, naye hakusema habari ya pesa, alisema tu kwamba hajisikii kuwa safi rohoni. Hapo mchele na mawe.

Aliyebadilisha mambo alikuwa mama mmoja wa sauti ya pili, fundi cherehani, ambaye hakupenda tumtaje. Alianza kushona sare mbili za ziada kila mwaka na kuzitundika kwenye kabati la kwaya bila jina. Kisha alikwenda kuwatembelea waliopotea, chai ikanywewa, na hakuuliza swali lolote la wokovu. Aliwaambia tu kwamba alto inayumba na kuna sare kabatini. Kanuni za kwaya kuhusu ushirika na mwenendo zilibaki kama zilivyo, na kasisi aliendelea kushughulikia yaliyo ya kasisi. Lakini majina kadhaa yaliyokuwa yamekatika yanaonekana tena kwenye daftari, baada ya miezi minane, baada ya miaka mitatu. Mmoja wao ndiye atakayeongoza wimbo wa kwanza leo.

Mashaka hayakuisha. Mwalimu wetu wa sasa anatuambia kwamba kabla ya kila Pasaka huwaza kujiuzulu. Wimbo ukikataa kushika, mgogoro wa fedha ukizuka, au mwanakwaya akizikwa, wengi wetu huwaza hivyo.

Mazoezi yataendelea kama kawaida Jumanne saa kumi na moja na nusu jioni, na Jumamosi saa nane mchana. Tena wamebaki wanne. Sare za ziada zipo, saizi ya kati na kubwa.