Mashine ya upepo kwa mwenye lori moja au mawili: nini cha kuangalia kabla ya kununua

Mmiliki wa lori anayefanya matengenezo madogo uani kwake, badala ya kupeleka kila kitu gereji, hufika siku akahitaji kompresa yake mwenyewe. Madukani Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, jambo la kwanza atakaloonyeshwa ni ukubwa wa tangi: lita 24, 50 au 100. Lakini tangi ni ghala tu. Vinavyoamua kazi ni presha ambayo mashine inaweza kufikia na kiasi cha hewa inachotoa kwa dakika.

Presha

Kompresa nyingi ndogo za umeme hukata zikifika bar 8, yaani takriban paundi 116 (PSI). Kwa gari dogo hiyo ni zaidi ya kutosha. Tairi za lori lililobeba mzigo, hata hivyo, kwa kawaida huhitaji paundi 100 hadi 120 au zaidi. Mashine ya bar 8 itahangaika kufika 110, na 120 haitafika kamwe, hata ikiunguruma mchana kutwa. Mwenye lori atafute ya bar 10 au 12. Wanunuzi wengi hugundua hili wakiwa wameshalipa.

Kiasi cha hewa

Vifaa vingi vya upepo hutengenezwa kufanya kazi kwenye paundi 90, sawa na bar 6.2. Tofauti yao ipo katika ulaji. Spana ya upepo ya nusu inchi hutumika kwa sekunde chache kisha hupumzika, kwa hiyo tangi huwahi kujaa tena. Msasa wa upepo na bunduki ya kupulizia rangi hufanya kazi mfululizo, na hapo ndipo mashine ndogo inapoumbuka.

Hesabu yake ni nyepesi. Tangi la lita 50 likishuka kutoka bar 8 hadi 6 linatoa takriban lita 100 za hewa ya kawaida. Msasa unaokula lita 280 kwa dakika utamaliza akiba hiyo kwa sekunde 20 hivi. Mota ikiongeza lita 150 kwa dakika, bado haitimii dakika moja fundi hajasimama kusubiri. Kwa kazi ya namna hiyo tangi kubwa peke yake halisaidii kitu.

Pia isomwe vizuri lebo. Wauzaji hupenda kuandika hewa inayovutwa, ambayo daima ni nyingi kuliko inayotoka kwenye mpira. Ni hiyo inayotoka ndiyo ya kuulizia. Kipimo cha CFM moja ni sawa na lita 28.3 kwa dakika.

Mwinuko nao unapunguza. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 20 kuliko Mombasa. Mashine ileile iliyomridhisha mtu wa Pwani itachelewa kujaza tairi bara.

Umeme

Mota ya farasi 2 ni kilowati 1.5, lakini wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya hapo. Waya mrefu na mwembamba hushusha nguvu na kuunguza mota. Ni afadhali kurefusha mpira wa upepo kuliko waya wa umeme. Kwa mitumba, kibao cha mota kisomwe: umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wakati Afrika Mashariki ni 220 hadi 240.

Pale ambapo hatari ipo

Hewa ikibanwa, mvuke wake hugeuka maji na kutulia chini ya tangi, hasa katika unyevu wa Dar es Salaam na Mombasa. Koki ya chini isipofunguliwa kila siku, chuma huoza kwa ndani bila kuonekana nje. Tangi lililooza hupasuka kama bomu. Lisichomelewe kiraka, na valvu ya usalama isizibwe kwa sababu eti "inavujisha". Mabomba ya PVC ya maji nayo hayafai kwa upepo, kwani hupasuka vipande vikali.

Tairi la lori litolewe upepo wote kabla ya kufunguliwa nati, hususan lenye rimu ya ringi. Lijazwe ndani ya kizimba, kwa mpira mrefu wenye kishikio kinachojibana chenyewe, na mjazaji asimame pembeni.

Kufungua nati kwa spana ya upepo ni raha. Kukazia kwa hiyo hiyo ndiko kunakovunja stadi. Spana kubwa ya inchi moja inaweza kupita Nm 1,000, ilhali nati za M22 kwenye malori mengi hutaka karibu Nm 600. Kipimo sahihi kimo katika kitabu cha gari. Imalizwe kwa spana ya kupimia, kisha nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Utingo asiachiwe peke yake kazi hiyo.

Kuvusha mpakani

Katika forodha kompresa huwa chini ya kifungu 8414, na vifaa vya mkononi vya upepo chini ya 8467. Wengi hudhani cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kitawasaidia Namanga au Malaba. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kompresa iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Kenya kwa kununuliwa Nairobi, hata risiti iwe halali. Kwa anayeagiza moja kwa moja kutoka ng'ambo, TBS, KEBS na UNBS zina mpango wa kukagua ubora kabla bidhaa haijasafirishwa; aulize wakala wake kama mashine hiyo inahusika kabla ya kutuma fedha.