Mzozo wa Mvulana wa Turkana
Mabishano yaliyozuka nchini Kenya mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yalipokuwa yakikarabatiwa. Viongozi wa makanisa ya kiinjili, akiwamo Askofu Boniface Adoyo, walitaka visukuku vya binadamu wa kale visipewe nafasi ya mbele, wakidai kuwa mageuko ni nadharia tu. Richard Leakey, mkurugenzi wa zamani wa makumbusho hayo, aliwapinga vikali. Dai kwamba mageuko ni nadharia tu halina uzito. Kipande kidogo cha fuvu alichokigundua Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984 kiliwafikisha wachimbaji kwenye mifupa karibu kamili ya Mvulana wa Turkana, kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, na mifupa hiyo ipo, mtaalamu yeyote anaweza kuipima upya. Husemwa pia kwamba wanasayansi hubadili kauli. Ni kweli: umri wa kijana huyo alipokufa, uliokadiriwa kwanza kuwa miaka 11 au 12, ulishushwa hadi takriban 8 baada ya meno yake kuchunguzwa. Lakini waliosahihisha ni wanasayansi wenyewe, tena hadharani. Kauli isiyoweza kusahihishwa ndiyo ya kutiliwa shaka. Wala waumini hawakuwa kambi moja, kwani Papa Yohane Paulo II alikwisha kukiri mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008, na visukuku vya binadamu wa kale vikabaki kwenye maonyesho.