Kutembea na Silaha, Kusafiri na Silaha

Dereva wa lori anayetoka Dallas kwenda Indianapolis hupita Oklahoma na Missouri, akavuka Mto Mississippi pale St. Louis, akaikata Illinois ndipo aingie Indiana. Mipakani hakuna kizuizi wala askari wa kumsimamisha. Lakini akiwa na bastola kiunoni, daraja la St. Louis ni mtihani. Texas, Oklahoma, Missouri na Indiana hazimdai kibali mtu mzima asiye na pingamizi la kisheria. Illinois inadai.

Sheria za Marekani hutenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili cha magazeti huyachanganya. La kwanza ni mtu kuwa na silaha mwilini, tayari kwa matumizi. Wafasiri huandika "kubeba silaha". Si kosa, ila hata hamali aliyejitwika sanduku la bunduki amebeba silaha. Mtaani tunasema vizuri zaidi: fulani anatembea na bastola, na kila anayesikia anajua iko kiunoni, tena ina risasi.

La pili ni kuihamisha silaha kutoka mahali hadi mahali, ikiwa tupu na imefungiwa. Hapa "kusafirisha silaha" kunapotosha, maana kwa msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam anayesafirisha silaha ni jirani wa anayesafirisha dawa za kulevya. Mwindaji aliyefungia bunduki yake kwenye buti si mlanguzi. Anasafiri na silaha. Kusafirisha aachiwe mfanyabiashara.

Kutembea na silaha, iwe waziwazi au kwa kificho, hutawaliwa zaidi na sheria za jimbo. Vermont haijawahi kumdai raia kibali. New York ilianza kudai mwaka 1911, na kwa miaka mingi mwombaji alilazimika kuthibitisha kwamba ana sababu ya pekee, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipolifuta sharti hilo tarehe 23 Juni 2022. Kibali chenyewe kilibaki. Kufikia mwisho wa 2024, majimbo 29 yalikuwa yameacha kudai kibali kwa watu wazima walio wengi.

Nacho kibali si kama leseni ya udereva, inayokubalika nchi nzima. Majimbo hutambuana vibali kwa hiari, kila moja likichagua wenzake. Ndiyo maana Texas bado inatoa vibali ambavyo mkazi wake hahitaji nyumbani: vinamsaidia akivuka mpaka.

Kusafiri na silaha kuna ngao ya sheria ya shirikisho ya 1986. Mtu anaweza kupita katika jimbo lenye masharti makali ikiwa anakotoka na anakokwenda anaruhusiwa kumiliki silaha hiyo na kutembea nayo. Silaha iwe haina risasi, na silaha na risasi zote zisiwe mahali anapozifikia kwa urahisi. Gari lisilo na buti, na lori ni mojawapo, lazima liwe na kisanduku kinachofungwa kwa kufuli. Kijidroo cha dashibodi hakihesabiki. Kwa hiyo dereva wetu anaweza kuipita Illinois salama. Mzigo ukiwa wa Chicago, mambo ni mengine, kwa kuwa Illinois sasa ndiyo mwisho wa safari.

Ngao hiyo ina tundu. Mwaka 2005 msafiri kutoka Utah aliyekuwa akielekea Pennsylvania alikwama Newark, New Jersey, akachukua mizigo yake, akalala hotelini. Asubuhi alirudi uwanja wa ndege na kutangaza bastola yake kaunta, kama kanuni za usafiri wa anga zinavyotaka. Akakamatwa. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini aliposhtaki, mahakama ya rufaa iliamua mwaka 2010 kwamba ngao haikumlinda: usiku ule begi lilikuwa mkononi mwake. Ni hukumu kali kwa mtu aliyejitangaza mwenyewe, ila ndiyo sheria.

Kwa Waswahili walioko huko kuna jambo linalotangulia yote haya. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida hakatazwi tu kutembea na silaha. Sheria ya shirikisho inamkataza hata kuwa nayo, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Kabla ya kuuliza sheria za jimbo, basi, aangalie kwanza hati zake za uhamiaji.