Tona ya nyumbani: Kwa nini poda nyingine hukataa kuyeyuka, na ngozi hulipa gharama gani

Katika Bandari ya Bujumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, hushushwa shehena zinazovuka ziwa kutoka Kigoma nchini Tanzania na Mpulungu nchini Zambia. Burundi haina pwani ya bahari, hivyo gharama ya safari ndefu ya reli, barabara na meli huingia katika bei ya karibu kila bidhaa ya ng'ambo, vipodozi vikiwemo. Kwa anayeitazama bei hiyo, wazo la kununua poda na kujichanganyia tona, yaani maji ya kupaka usoni baada ya kunawa, huonekana kuwa nafuu.

Hata hivyo, kazi hiyo si ya kukoroga tu. Poda isiyoyeyuka haipotei chupani. Hubaki kama chembe, na kila chembe inapotua usoni hubeba dawa kali mahali padogo. Kwa ngozi nyeusi madhara yake huwa maradufu, kwani mchubuko au uvimbe ukipona mara nyingi huacha doa jeusi linalodumu kwa miezi. Aliyetafuta kuondoa madoa huishia kuyaongeza.

Poda tatu, tabia tatu

Viambato vinavyotajwa sana katika tona ni niasinamaidi, vitamini C na asidi ya salisiliki. Kwa macho vyote ni unga mweupe, lakini ndani ya maji kila kimoja kina tabia yake.

Niasinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, huyeyuka kwa urahisi katika maji ya kawaida bila kupashwa moto. Hukaa vizuri katika maji yasiyo na asidi kali. Ikiwekwa kwa muda mrefu kwenye asidi au joto kubwa, sehemu yake huweza kugeuka kuwa asidi ya nikotiniki, inayosababisha uso kuwaka na kuwa mwekundu.

Vitamini C halisi, yaani asidi ya askobiki, nayo huyeyuka upesi: lita moja ya maji huweza kubeba zaidi ya gramu 300. Tatizo lake huanza baada ya kuyeyuka. Hewa, mwanga, joto na chembechembe za chuma au shaba huiharibu. Maji yakigeuka manjano na kisha kahawia, nguvu yake imekwisha. Mjini Bujumbura, ambako joto la mchana hukaribia nyuzi 30 za selsiasi, chupa iliyoachwa dirishani haitakaa muda mrefu.

Asidi ya salisiliki, inayotumiwa dhidi ya chunusi, ndiyo ngumu kuliko zote. Gramu 1 huhitaji takriban mililita 460 za maji ili iyeyuke kabisa. Gramu hiyo hiyo huyeyuka katika chini ya mililita 3 za ethanoli. Kwa hiyo tona ya asilimia 2, ambayo ni gramu 2 katika kila gramu 100 za mchanganyiko, haiwezekani kwa maji matupu.

Maji ya moto na soda: ujanja usiofaa

Wengi hujaribu kupasha maji moto. Poda hupotea, maji hung'aa, na mtengenezaji huridhika. Lakini maji yakipoa uwezo wake wa kuibeba asidi hushuka, na asubuhi huonekana fuwele nyembamba kama sindano zimetulia chini ya chupa. Jambo hilo hilo hutokea poda inapoyeyushwa katika ethanoli kidogo kisha ikamiminiwa maji mengi: mchanganyiko hugeuka kama maziwa.

Wengine huongeza soda ya kuokea mikate. Hapo poda huyeyuka kweli, ikitoa mapovu, kwa sababu asidi imegeuzwa kuwa chumvi. Chumvi hiyo huyeyuka vizuri, ila haina tena uwezo ule wa kupenya na kuzibua vinyweleo. Kilichobaki chupani si kile kilichokusudiwa.

Kusaga vidonge vya aspirini pia si njia ya mkato. Aspirini ni asidi ya asetilisalisiliki, kemikali ya jamaa moja lakini si ile ile, na kidonge kina wanga na vigandishi vingine visivyoyeyuka.

Maji ya bomba na maji ya ziwa

Sehemu kubwa ya maji ya bomba mjini Bujumbura huchotwa Ziwa Tanganyika na kusafishwa na shirika la REGIDESO. Maji ya ziwa hilo kwa asili si ya asidi. Kipimo chake cha pH huwa karibu na 9, na yana magnesiamu nyingi kuliko kalisi. Ngozi ya uso, kwa upande wake, huwa na pH ya karibu 5. Maji ya aina hiyo hudhoofisha sehemu ya asidi iliyotiwa, hasa ikiwa kidogo.

Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi madini. Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa, yaani yaliyopatikana kwa kukusanya mvuke, yanayouzwa kwa matumizi ya dawa. Yale yaitwayo maji ya betri yaepukwe kabisa, kwani chupa yenye jina hilo huweza kuwa na asidi ya salfuriki.

Si kila poda ya kuchanganywa

Katika Afrika Mashariki uchanganyaji wa nyumbani una historia yenye maumivu: mkorogo, mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi. Haidrokwinoni, ikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kuacha weusi wa kibuluu usiofutika kirahisi. Umoja wa Ulaya uliiondoa katika krimu za ngozi mwaka 2001. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unalenga kuiondoa katika vipodozi. Poda isiyo na jina la kemikali, kiwango na tarehe ya kwisha muda haipaswi kugusa ngozi, hata ikiyeyuka vizuri namna gani.

La kuzingatia

Anayeamua kutengeneza apime kwa mizani ya gramu, si kwa kijiko. Aanze na niasinamaidi, iliyo pole kuliko nyingine. Asiitie vitamini C na niasinamaidi katika chupa moja, kwani moja hutaka asidi na nyingine huikwepa. Tona ya maji isiyo na kihifadhi huota bakteria, hivyo itengenezwe kidogo, iwekwe kwenye jokofu na imwagwe baada ya siku chache. Ijaribiwe kwanza ndani ya kiwiko kwa saa 24.

Asidi ya salisiliki inunuliwe ikiwa tayari imetengenezwa, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na mjamzito amuulize daktari kabla ya kuitumia. Na chupa yoyote iliyo na chembe chini, ukungu au rangi iliyobadilika isipakwe usoni.