Tiba iliyovuka mipaka: mwamba wa Girnar na madai ya Geneva

Imezoeleka kuandikwa kwamba ushirikiano wa mataifa kwa ajili ya afya na utu ulizaliwa Geneva mwaka 1864, nchi zilipokubaliana kuwahudumia majeruhi wa vita bila kujali upande wao, kisha ukakomaa Umoja wa Mataifa ulipoundwa mwaka 1945. Katika masimulizi hayo Ubuddha huonekana kuwa dini ya watawa walioipa dunia kisogo. Wanaosema hivyo hawajausoma mwamba wa Girnar, huko Gujarat, magharibi mwa India. Tangazo la pili lililochongwa hapo ni la Ashoka, mfalme wa himaya ya Maurya aliyetawala takriban kati ya mwaka 268 na 232 KK. Linaeleza kwamba ameandaa tiba za namna mbili, ya watu na ya wanyama, ndani ya himaya yake na pia kwa Wachola na Wapandya wa kusini, katika kisiwa cha Sri Lanka, na katika nchi za Antiochus, mfalme Mgiriki wa Syria, na wafalme jirani zake. Pasipokuwa na mitishamba, ilipelekwa ikapandwa. Kando ya njia vikachimbwa visima na kupandwa miti. Hao wa nje ya himaya hawakuwa raia wake, na tangazo hilo halidai ushuru wala halimtaki mtu abadili dini.

Wapo wanaoliita majivuno ya mfalme. Ni kweli kwamba waandishi wa Kigiriki hawakutaja msaada huo, na huenda mitishamba hiyo haikufika mbali kama alivyotaka tuamini. Ni kweli pia kwamba waliotafsiri neno cikisa kuwa hospitali walizidisha. Maana yake ni tiba tu. Lakini pingamizi hilo halina uzito mkubwa, kwa sababu mtu hujivunia kile anachoamini kwamba wasikilizaji wake watakiheshimu. Mfalme aliyetaka sifa kwa kuwatibu watu wa nchi za wenzake alikuwa tayari na kipimo kipya cha ukuu, hata kama utekelezaji wake ulipungua njiani.

Hoja ya mwanahistoria Romila Thapar inastahili subira zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1961 alionyesha kwamba dhamma ya Ashoka, yaani maadili aliyoyahubiri, haikuwa Ubuddha wenyewe, bali sera aliyoibuni ili kuunganisha himaya yenye watu wa kila aina. Ushahidi unamuunga mkono kwa kiasi kikubwa: tangazo la 12 linayaagiza madhehebu yote yaheshimiane. Hata hivyo Ashoka huyo huyo alijitangaza kuwa muumini wa Buddha na akaenda kuhiji mahali Buddha alipopata mwangaza. Ninavyoona, hapa ndipo ulipo uhusiano wa kweli na ushirikiano wa mataifa wa leo. Huruma yake ilikuwa na mizizi katika dini moja, lakini aliieleza kwa lugha ambayo asiye wa dini hiyo angeweza kuipokea bila kuiacha yake.

Tuvuke karne 22. Mwezi Septemba 1951, katika mkutano wa San Francisco wa kufunga mkataba wa amani na Japani, J. R. Jayewardene, waziri wa fedha wa Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, alitangaza kwamba nchi yake haitadai fidia, ingawa Colombo na Trincomalee zilipigwa mabomu na ndege za Japani mwezi Aprili 1942. Sababu aliyoitoa ni fundisho la Buddha kuhusu chuki isiyokoma kwa kulipizana. Muongo uliofuata, U Thant, Mbuddha wa Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar, aliuongoza Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 1961 hadi 1971.

Mtu atauliza: vipi vita vya Sri Lanka vya mwaka 1983 hadi 2009, na Waislamu Warohingya waliofukuzwa Myanmar mwaka 2017, katika nchi zenye Wabuddha wengi? Swali ni la haki, na anayelikwepa anaudhalilisha Ubuddha anaodhani anautetea. Ashoka mwenyewe hana mikono safi. Tangazo lake la 13 linakiri kwamba katika vita vya kuiteka Kalinga, mashariki mwa India, watu 100,000 waliuawa na 150,000 wakahamishwa kwa nguvu, na linasema hayo yanamuuma. Ila Kalinga hakuirudisha. Zaidi ya hayo, kwenye miamba ya Dhauli na Jaugada, ndani ya Kalinga yenyewe, tangazo hilo la majuto halikuchongwa. Mahali pake kuna maagizo kwa maofisa: wasimfunge mtu bila sababu, na wawahakikishie majirani ambao bado hawajatekwa kwamba wasimwogope mfalme, kwani kutoka kwake watapata furaha, si huzuni.