Mpito wa haki

Mpito wa haki ni kanuni ya sera inayotaka gharama za kuachana na makaa ya mawe, mafuta na gesi zisiangukie wafanyakazi na jamii zinazoishi kwa nishati hizo. Chimbuko lake ni vyama vya wafanyakazi vya Marekani, ambako kiongozi wa wafanyakazi Tony Mazzocchi alidai mfuko wa kuwalipia mishahara na masomo watu wanaopoteza kazi kwa sababu za kimazingira. Mwaka 2015 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa miongozo ya mpito huo, na kanuni hiyo ikaingia katika utangulizi wa Mkataba wa Paris kuhusu tabianchi.

Mfano unaojadiliwa sana ni Komati, kituo cha umeme wa makaa ya mawe mkoani Mpumalanga, Afrika Kusini, kilichoanza kazi mwaka 1961 na kuzimwa Oktoba 2022. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 497 za kukigeuza kuwa kituo cha umeme wa jua, upepo na betri. Waajiriwa wa kudumu wa Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, walihakikishiwa ajira, wengi wakihamishiwa vituo vingine. Vibarua wa wakandarasi hawakuwa na kinga hiyo: mikataba yao ilikoma, na biashara ndogo zilizotegemea mishahara yao zikadorora. Tume ya Rais ya Tabianchi ya nchi hiyo ilipochunguza, ilibaini kwamba ajira mbadala zilipaswa kuandaliwa kabla ya mitambo kuzimwa. Kasoro kuu ya Komati ilikuwa kutofuata mpangilio huo.