Mistari ya Jua na Binti Aliyeambiwa Haiwezekani

Nyunyiza chumvi kidogo kwenye moto wa jiko la gesi. Ndimi za buluu zitageuka manjano papo hapo. Hiyo ni sodiamu inajitambulisha. Elektroni za atomi hukaa kwenye madaraja ya nishati: ikishuka daraja hutoa nuru ya rangi yake maalumu, ikipanda humeza nuru ya rangi hiyo hiyo. Ndiyo maana nuru ya jua, ikipitishwa kwenye prizimu, huwa na mistari myeusi. Mwaka 1859 Wajerumani wawili, Kirchhoff na Bunsen, walipata njia ya kuisoma. Mistari ya chuma ilionekana tele. Basi wataalamu wengi wakaamini kwamba jua limeumbwa kwa vitu vile vile vya dunia, kwa vipimo vinavyokaribiana.

Aliyeona vingine ni Cecilia Payne, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1900. Alisoma Cambridge, chuo ambacho hakikuwapa wanawake shahada hadi 1948. Mwaka 1923 akavuka bahari kwenda Harvard, Marekani. Huko alitumia hesabu za Meghnad Saha, mwanafizikia wa India, zinazoonyesha jinsi joto linavyobadili hali ya atomi. Kumbe wingi wa mistari si wingi wa atomi! Katika joto la jua, ni chembe chache mno za haidrojeni zilizo kwenye daraja la kumeza nuru tunayoiona. Nyingine zote zimenyamaza. Alipopiga hesabu upya, haidrojeni ilizidi metali kiasi cha mara milioni moja.

Bingwa wa fani hiyo, Henry Norris Russell wa Princeton, alimwandikia kwamba jambo hilo haliwezekani. Katika tasnifu yake ya 1925, Payne akaziacha tarakimu zake, lakini akaongeza kwamba wingi huo karibu hakika si wa kweli. Mimi simlaumu. Katika vyumba vya habari nimewaona watu wazima, wenye mishahara, wakifuta sentensi sahihi kwa sababu tu mkubwa amekunja uso. Sembuse mwanafunzi aliye ugenini.

Mwaka 1929 Russell, kwa njia zake, akafikia jibu lile lile. Alimtaja Payne, ndiyo, lakini kwa miaka mingi sifa zilimwendea yeye. Harvard ilimpa Payne uprofesa kamili mwaka 1956.